Lozi Chungu ya Mount Druitt

Ilikuwa Februari, joto la magharibi ya Sydney limekaza hata kuku wa jirani wamejilaza chini ya uzio. Nilikwenda kumjulia hali bibi mmoja mzaliwa wa Tanga anayeishi na binti yake Mount Druitt, kama kilomita 40 kutoka katikati ya jiji, katika nyumba ya kupanga yenye ua mkubwa nyuma. Kabla sijamaliza shikamoo alikwishanivuta mkono kunipeleka uani. Wajukuu walikuwa chini ya mti, ndoo ya plastiki imejaa nusu.

"Mwanangu, hizi si lozi hizi?"

Zilikuwa lozi. Ganda la nje lenye manyoya laini kama ya pichi lilikuwa limekauka na kupasuka, na ndani yake kokwa la rangi ya mbao lenye vitundu vidogo vidogo. Bibi aliliweka kokwa moja juu ya ngazi ya mlango, akaligonga kwa mchi. Kikatoka kiini kimevaa ngozi yake ya kahawia, kama kile tunachokiona kimepachikwa juu ya halwa. Nilimega kipande kisichozidi punje ya mchele. Mara ya kwanza ilikuja harufu nzuri, ile ya arki ya keki. Halafu uchungu ukashika ulimi mpaka kooni, nikatema. Bibi naye alikuwa ameonja chembe. Akatema, akawaamuru watoto wote wafungue midomo, akaikamata ndoo.

"Huu muhogo mchungu huu," alisema.

Hakukosea. Neno lile limenifanya niitafute historia ya mti huu, maana ndani yake mna jambo ambalo watu wa Pwani wanalijua tangu zamani ila hawajaliunganisha na lozi.

Tuanze na jina. Lozi tumelipata kwa Waarabu, lawz, na mti tukauita mlozi, ingawa Kiswahili kilikuwa na mlozi mwingine, mwenye ulozi, yaani mchawi. Maneno hayo mawili hayana undugu. Mti wenyewe haukuja. Ilikuja punje, kwa njia ya bahari, ikaingia kwenye halwa, biriani na sinia za harusi. Pwani sisi tulikuwa na mkungu, ule mti wa kivuli wenye majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka, uliojaa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Hakuna mtoto wa Pwani asiyewahi kuligonga kungu juu ya jiwe akatafuta kijipunje cheupe ndani. Waingereza waliuita mlozi wa India, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. Mkungu si jamaa wa mlozi hata kidogo. Jamaa wa mlozi ni pichi, aprikoti, plamu, na mbali kidogo, waridi. Lugha yetu ilishalitumia kungu kupimia matunda ya ng'ambo: kungumanga ni kungu la Manga, la upande wa Uarabuni, kama lilivyo komamanga na ilivyo pilipili manga.

Kwa nini mlozi haukuota Tanga? Kwa sababu unataka baridi. Macho ya maua yake hulala wakati wa kipupwe na hayaamki mpaka yapate mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 hivi. Tanga haijui baridi hiyo. Mount Druitt inaijua. Asubuhi za Julai umande huganda juu ya majani ya uani. Ndipo mwishoni mwa Julai na Agosti, kabla jani hata moja halijatokeza, mlozi huchanua wote kwa mara moja, maua meupe yenye wekundu wa mbali.

Binadamu ameanza kuzigonga lozi zamani kupita kilimo chenyewe. Kaskazini mwa bonde la Yordani, mahali paitwapo Gesher Benot Ya'aqov, wachimbaji walikuta mabaki ya lozi za mwituni na njugu nyingine pamoja na mawe yenye vishimo vya kupasulia, ya miaka kama 780,000 iliyopita. Nilipoziona picha za mawe hayo nilikumbuka mawe yetu ya kungu, yana vishimo vile vile.

Lakini lozi za mwituni ni chungu, na uchungu huo ni sumu. Ndani ya kiini mna amigdalini. Ikikaa peke yake ni tulivu. Ukitafuna, chembe zinapasuka, inakutana na vimeng'enya vyake na maji ya mdomo, inavunjika na kutoa sianidi pamoja na ile harufu nzuri iliyonidanganya. Ndiyo njia ya mti kulinda mbegu yake. Kisha, mahali fulani Asia ya magharibi, ukazuka mti mmoja au michache iliyosahau kutengeneza sumu, mtu akaonja, akakumbuka mti ni upi, akaotesha mbegu zake. Mwaka 2019 timu ya mtafiti Raquel Sánchez-Pérez ilichapisha katika jarida la Science chanzo cha usahaulifu huo: badiliko dogo katika jeni moja, bHLH2, linalozima kazi ya kutengeneza amigdalini. Tena utamu au uchungu unaamuliwa na mti mama, hivyo lozi za mti mmoja huwa za namna moja. Mkulima wa kale aliyeonja moja alikuwa ameujua mti mzima. Hiyo naiona ndiyo siri ya lozi kulimwa mapema, kabla watu hawajaufahamu ufundi wa kupandikiza. Tutankhamun wa Misri alizikwa na lozi miaka zaidi ya 3,300 iliyopita.

Australia mlozi uliingia na walowezi. Inaelezwa kuwa ya kwanza ilipandwa mwaka 1836 katika Kisiwa cha Kangaroo, Australia Kusini. Wakati huo Mount Druitt, nchi ya wenyeji wa asili Wadarug, ilikwisha kuandikwa jina la Meja George Druitt, aliyepewa ekari 2,000 mwaka 1821. Mashamba ya lozi yalistawi kusini mwa Adelaide na huko Willunga, kwenye kiangazi kikavu. Sydney haikuwa mahali pake. Mvua za kiangazi huozesha tunda. Mji wa Adelaide ulipotanuka ukayameza mashamba, yakahamia kandokando ya mto Murray, na leo Australia ni ya pili duniani kwa lozi baada ya Marekani, ambako California peke yake hutoa karibu asilimia 80 ya lozi zote.

Aina kubwa inayolimwa, Nonpareil, haijirutubishi yenyewe. Lazima ipandwe kando ya aina nyingine na nyuki wapite kati yake, kwa hiyo kila Agosti zaidi ya mizinga 200,000 husafirishwa kwa malori hadi mashambani. Juni 2022 kupe wa nyuki aitwaye varoa alipogunduliwa bandarini Newcastle, kaskazini ya Sydney, nyuki wa jimbo zima walizuiwa kusogezwa, na wenye milozi hawakulala. Septemba 2023 serikali ilikubali kuwa kupe huyo hang'oki tena, ni kuishi naye.

Sasa mti wa bibi umetoka wapi? Aliyeupanda hajulikani, wapangaji wamepita wengi. Mbegu iliyoota yenyewe inaweza kurudia uchungu wa babu zake. Tena kwa muda mrefu wakulima walikuwa wakiotesha lozi chungu kwa sababu mizizi yake ni shupavu, kisha juu yake wanapandikiza kikonyo cha lozi tamu. Kikonyo kikifa, shina la chini huchipua, na mti unarudi kuwa chungu bila mwenye nyumba kujua.

Lozi tamu za dukani ni chakula salama, na kizuri. Wapo wenye mzio, na kwao punje moja yaweza kuziba pumzi; mtoto mdogo asipewe nzima asije akapaliwa. Iliyoota ukungu itupwe. Salmonela nayo iliwahi kuwafanya watu waugue kwa lozi mbichi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo maana tangu Septemba 2007 California huzipitisha kwenye joto au dawa kabla ya kuziuza Marekani. Lozi chungu ni habari nyingine. Punje chache tu zinaweza kumdhuru mtoto: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, pumzi kukatika. Kukaanga jikoni si kinga ya kutegemea. Kokwa za aprikoti zina sumu hiyo hiyo, na Australia imepiga marufuku kuziuza mbichi kwa watu kula, japo bado zinasifiwa kuwa dawa ya saratani. Sifa hiyo ni ya uongo, na imeua. Aliyemeza apige 13 11 26, kituo cha habari za sumu, na aliyezidiwa apige 000 papo hapo.

Hapo ndipo neno la bibi linapoingia. Muhogo mchungu una linamarini badala ya amigdalini, lakini mwisho wake ni sianidi ile ile. Wanawake wa Afrika wana ufundi wao wa kuloweka, kuvundika, kukausha na kutwanga, kazi ya siku nyingi. Penye njaa siku hizo hufupishwa. Mwaka 1985, baada ya ukame, Tarime mkoani Mara, watu walipooza miguu ghafla, wengi wao wanawake na watoto. Ugonjwa huo ni konzo, neno la Kiyaka la Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na aliyeupata hupona nadra.

Na hapa Australia inarudi. Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, alitumia miaka ya uzeeni kutafuta dawa rahisi: unga wa muhogo uloweshwe, utandazwe mwembamba, uachwe saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi ipae hewani, kisha usongwe ugali siku hiyo hiyo. Yeye na Jean-Pierre Banea wa Kongo walifundisha njia hiyo kijiji cha Kay Kalenga mwaka 2010 na 2011, na wagonjwa wapya wa konzo wakakoma. Maji, jua na mkeka. Naheshimu sana sayansi inayokwenda kukaa jikoni namna hiyo.

Siku ile bibi alikuwa na pakiti ya muhogo ulioganda, aliyonunua karibu na stesheni kwenye duka la watu wa visiwa vya Pasifiki, ambao Mount Druitt wako wengi na muhogo ni chakula chao pia. Mjukuu alimsomea maandishi ya onyo: umenywe na uive kabisa kabla ya kuliwa.

"Ndiyo waandike," bibi alisema. "Wengine hawakufundishwa."

Aliimwaga ndoo ya lozi kwenye pipa la taka, akalifunga, akanawa mikono mpaka vifundoni, akawanawisha na watoto. Ndipo akabandika sufuria ya muhogo.