Chui Yuleyule
Mwaka 1968, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Ubao mmoja, mnyama mmoja. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Wanafunzi wake, baadhi yao jamaa zake, wakaendelea kunakili, maana watalii walitaka chui yuleyule. Wapo wanaosema ubunifu uliishia hapo. Sikubaliani nao. Mkono uliomzoea chui ulipata nafasi ya kutangatanga: ndege wakajaa ubaoni, kisha masoko, mabasi, hata hospitali na foleni zake. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Leo watu ambao marehemu hakuwahi kukutana nao huchora Tingatinga.