Kisazanuru: Neno Lililokataliwa Bure

Orodha ya istilahi za kemia inayozungushwa siku hizi miongoni mwa wafasiri imetuletea "mng'ao wa baadaye". Eti hilo ndilo jina la nuru inayobaki kwenye plastiki za alama za usalama baada ya tochi kuzimwa. Waliolipitisha, ambao adabu inanizuia kuwataja, walilichukua neno la Kiingereza, afterglow, wakalikata vipande viwili, wakafasiri kila kipande peke yake. Kazi hiyo hata msumeno ungeiweza.

Na kosa si la sikio tu. "Baadaye" humwambia msomaji kwamba mng'ao unaanza baadaye, na sivyo. Molekuli iliyofungwa ndani ya polima ikipigwa na miale ya urujuanimno, sehemu ya nishati hurudi papo hapo ikiwa nuru. Sehemu nyingine huangukia hali ya utatu, ambako kutoka ni kugumu na huchukua muda. Nuru ya polepole inatoka hata tochi ikiwa bado inawaka, ila inafunikwa na ile ya haraka, iliyo kali zaidi. Ukizima tochi, ya haraka hutoweka, ya polepole husazwa.

Hapo ndipo nilipolitoa neno langu. Kitenzi -saa, yaani kubaki, tumekaribia kukisahau, lakini watoto wake wangali hai: -saza, -salia, masazo, masalio. Nani asiyejua kula na kusaza? Kisazanuru ni kitu kilichokula nuru kikasaza. Muundo nao sikuubuni mimi: kipazasauti, kinasasauti na kifyonzavumbi vyote vimejengwa kwa ki-, kitenzi na yambwa. Nuru yenyewe inayobaki naiita sazo la nuru. Nilipoyapeleka mapendekezo haya nilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba "hayajazoeleka". Huo mng'ao wa baadaye umezoeleka wapi, na kwa nani?

Wapo pia wenzetu waliorudi na shahada, wanaosema tuandike fosforesensi yaishe. Neno hilo chimbuko lake ni Kigiriki, "mleta nuru", jina la Zuhura inapochomoza alfajiri. Baadaye likapewa jiwe la Bologna, lililowashangaza watu wa Italia mwanzoni mwa karne ya 17 kwa kung'aa gizani baada ya kuwekwa juani. Mwaka 1669 Hennig Brand wa Hamburg akachemsha mkojo hadi akapata fosforasi, nayo ikalitwaa jina. Balaa ni kwamba fosforasi hung'aa kwa kuungana na oksijeni. Haisazi nuru ya mtu yeyote. Mwanafunzi akisoma fosforesensi ataitafuta fosforasi ndani ya plastiki na hataiona. Isitoshe, mwaka 2017 Ryota Kabe na Chihaya Adachi wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha mchanganyiko wa kemikali ogania, usio na metali adimu, uliong'aa kwa zaidi ya saa nzima, kwa kuwa chaji zilitengana kisha zikakutana tena polepole. Fosforesensi ya vitabuni haiufikii mng'ao wa namna hiyo, ilhali sazo la nuru linauchukua bila taabu. Na katika zile plastiki za alama, polima nayo ina kazi yake: huzibana molekuli zisitikisike, na huizuia oksijeni isiinyang'anye nishati kabla haijawa nuru.

Matumizi? Lebo ya dawa yaweza kuchapwa kwa wino wa aina mbili. Chini ya tochi unasoma 8888, ukizima unabaki na 2517 kwa nukta chache, na mghushi mwenye wino wa kawaida unaong'aa chini ya taa tu hukwama hapo.

Wahariri wa vitabu vya sayansi, msingoje kikao kingine. Andikeni kisazanuru; ngeli yake ni ki-vi na wingi wake ni visazanuru.