Siku ya Saba Baada ya Kisu: Jinsi Hatari za Pituitari Zilivyojulikana

Matatizo ya homoni yanayofuata upasuaji wa uvimbe wa pituitari, tezi ya ukubwa wa punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, yanaweza kutabirika. Elimu ya kuyatabiri ilitokana na ubishi mkali wa maabara.

Hermann Schloffer wa Innsbruck aliifikia tezi hiyo kupitia puani mwaka 1907, na Harvey Cushing wa Marekani akaiboresha njia hiyo. Baadhi ya wagonjwa waliopona kisu walibaki na kiu isiyokatika, wakikojoa lita nyingi kwa siku. Mwaka 1913, Farini nchini Italia na von den Velden nchini Ujerumani waliupunguza mkojo wa namna hiyo kwa dondoo la pituitari. Lawama yote ikaangukia tezi.

Mwaka 1921 Percival Bailey na Frédéric Bremer, wakiwa katika maabara ya Cushing mwenyewe huko Boston, walijeruhi hipothalamasi ya mbwa, sehemu ya ubongo iliyo juu ya pituitari, bila kuigusa tezi yenyewe. Mkojo ukafurika vilevile. Camus na Roussy wa Paris walikuwa wameshadai hivyo, kinyume na mafundisho ya Cushing. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Fisher, Ingram na Ranson wa Chicago walikata nyuzi za neva zinazoiunganisha hipothalamasi na pituitari katika paka, wakaona hatua tatu: mkojo mwingi, kisha mkojo kupungua kwa siku kadhaa, halafu mwingi tena. Baadaye ilibainika kuwa vasopresini, homoni inayozuia maji yasipotee, hutengenezwa hipothalamasi na kuhifadhiwa pituitari. Nyuzi zilizojeruhiwa zikifa, huimwaga akiba hiyo ovyo.

Umwagikaji huo ukitokea kwa mgonjwa, maji hubaki mwilini na sodiamu ya damu hushuka, mara nyingi karibu na siku ya saba. Upasuaji unaweza pia kupunguza kotisoli, homoni ambayo utolewaji wake huchochewa na pituitari; kipimo chake cha asubuhi siku za kwanza husaidia kuonyesha nani anahitaji haidrokotisoni, dawa ya kuiziba nafasi yake. Mwaka 2015 watafiti wa Uswisi walionyesha kuwa kopeptini, kipande cha protini kinachotolewa pamoja na vasopresini, ikiwa chini mara baada ya upasuaji, hatari ya mkojo kufurika ni kubwa.

Wagonjwa wengi leo huruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya siku ya saba. Kipimo cha sodiamu ni cha kawaida kabisa katika maabara za hospitali. Kumruhusu mgonjwa bila miadi ya kipimo hicho, na bila kumweleza kiasi cha maji anachopaswa kunywa, ni uzembe usio na udhuru.