Yaliyo Yetu na Yasiyo Yetu: Wastoiko na Mwandishi wa Ukerewe

Msafiri angojaye kivuko Kamanga, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, aweza kuwahi gatini na kufunga mzigo wake barabara. Upepo wa ziwa haumo katika mamlaka yake. Juu ya jambo hilo ndipo Wastoiko, wanafalsafa wa Uyunani ya kale, walipojenga mafundisho yao. Husimuliwa kwamba Zeno, mwasisi wao, alikuwa mfanyabiashara aliyepotelewa na shehena baharini, ndipo akaigeukia hekima. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kuwa yaliyo yetu ni hukumu na nia zetu. Mali, cheo, afya na urefu wa maisha si vyetu.

Katika ziwa hilohilo, kaskazini ya Mwanza, kipo kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Alisoma katika seminari ya Rubya, akafanya kazi Mwanza, kisha akarejea kisiwani. Mwaka 1945 alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe, isipate mchapishaji. Uzeeni, viungo vikimuuma, aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980 kwa jina la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Kuandika kulikuwa kwake. Kuchapishwa kulikuwa kwa wengine. Naye aliitimiza sehemu yake.

Riwaya yenyewe yahusu mume na mke waliochelewa kujaliwa mtoto. Walipompata mwana, walimwita Ntulanalwo, yaani naishi nacho, kifo kikikusudiwa. Binti akaitwa Bulihwali: msiba utakwisha lini? Epictetus naye aliwausia wazazi wambusupo mtoto wakumbuke kwamba ni kiumbe wa kufa. Marcus Aurelius, mfalme wa Roma aliyewazika wengi wa watoto wake, aliunakili wasia huo katika daftari lake.

Wengi huuona wasia huo kuwa mkavu, nao hawakukosea sana. Mstoiko hujinong'onezea peke yake, asisikiwe na mtu. Mkerewe aliutia ukweli uleule katika jina, likaitwa na kijiji kizima asubuhi na jioni, katika mchezo na katika kazi. Hofu ya mzazi mmoja ikawa ya wote, na jina la pili halikujifanya jasiri: liliuliza tu. Kitereza alilijua swali hilo, kwani yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto.

Hata hivyo hekima hii ina hatari yake, nayo ni kuvitia katika fungu la majaaliwa vilivyo vyetu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimejazwa kupita kiasi, kilipinduka karibu na Ukara, jirani ya Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa. Ajali haina kinga, walisema wahenga. Lakini idadi ya abiria huhesabiwa gatini, na mwanadamu, kabla kamba haijafunguliwa. Mwenye kutaka kuishi vyema hana budi kuanza na hesabu hiyo. Ya upepo yatafuata.