Mafunzo ya likizo ya utunzi wa muziki

Mafunzo ya likizo ya utunzi wa muziki ni masomo ya muda mfupi, kwa kawaida ya siku chache hadi wiki kadhaa, ambamo wanafunzi wa sekondari hufundishwa kubuni muziki wao wenyewe wakati shule zimefungwa. Yanatofautiana na mafunzo ya kuimba au ya kupiga ala kwa kuwa mwanafunzi hapimwi kwa namna anavyotekeleza wimbo wa mtu mwingine. Hupimwa kwa wimbo au kipande cha ala ambacho hakikuwepo kabla yeye hajaketi kukitunga.

Nchini Marekani na Ulaya mafunzo haya hufanyika kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Nchini Tanzania mwaka wa shule huanza Januari, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni, wakati wa kipupwe.

Asili

Kambi ya muziki ya Interlochen, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilianza mwaka 1928 kama kambi ya okestra ya wanafunzi wa sekondari. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Boston kilianzisha taasisi yake ya vijana huko Tanglewood, Massachusetts, ambayo nayo hufundisha utunzi. Utaratibu wa kambi za aina hii unafanana: mwanafunzi hupata masomo ya nadharia, hupewa muda wa kuandika peke yake, hukaa na mwalimu kupitia alichoandika, na mwishoni kazi yake hupigwa au kuimbwa mbele ya watu. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtunzi mchanga akisikia waimbaji wakikwama mahali pale pale kila mara, hajifunzi kwa kuambiwa tena. Anaona mwenyewe kwamba sauti aliyoiandika iko juu mno au kwamba pumzi haitoshi.

Yanayofundishwa

Katika Afrika Mashariki chombo kikuu cha kuandikia nyimbo si mistari mitano ya nota bali ni solfa. Mfumo huu ulibuniwa Uingereza na Sarah Glover (1786–1867), ukaboreshwa na John Curwen (1816–1880), kisha ukaenezwa na wamisionari. Sauti huandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Nukta pacha hutenga mapigo, mstari wa wima hutangulia pigo zito, na kistari huonyesha kwamba sauti inaendelea. Solfa haihitaji karatasi maalumu wala kinanda. Ubao, chaki na mtu mmoja anayejua kutoa do vinatosha, na ndiyo maana kwaya za vijijini zimeweza kuhifadhi maelfu ya nyimbo za sauti nne. Upungufu wake huonekana katika muziki wa ala, na zaidi katika taarabu, kwa sababu baadhi ya ngazi za sauti za asili ya Kiarabu, yaani maqamu, zina sauti zinazoangukia katikati ya zile za solfa.

Somo la kwanza kwa anayetunga kwa Kiswahili ni mkazo. Neno la Kiswahili huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki linapaswa kukutana na silabi hiyo. Mfano ni jina Kitomanga, lenye mkazo kwenye "ma". Mtunzi akianza na "ki" kwenye pigo la kwanza la mizani ya mapigo matatu, "ma" itaangukia pigo jepesi la tatu na "nga" itapewa uzito usio wake. Msikilizaji atasikia jina la mahali pasipojulikana. Akitanguliza "ki-to" kabla ya mstari wa wima, neno litakaa sawa. Wakati mwingine kosa hubadili maana kabisa. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Mkazo ukihamia silabi ya pili, ni "sawasawa". Vilevile "m" ya "mtu" na "n" ya "nchi" ni silabi kamili zenye mkazo, hivyo kila moja hudai sauti yake. Watunzi wengi, hata wazoefu, huzimeza.

Ushairi wa Kiswahili humsaidia na kumtega mwanafunzi kwa wakati mmoja. Shairi la mizani nane kwa nane hutoa mistari yenye urefu sawa, kwa hiyo mahadhi mamoja yanaweza kubeba beti zote. Lakini ndani ya mizani hiyo nane maneno hukatika mahali tofauti katika kila mstari, na mkazo huhama pamoja nayo. Wimbo unaopendeza katika ubeti wa kwanza unaweza kuharibika katika wa tatu. Zoezi jema ni kumpa mwanafunzi beti tatu tangu mwanzo, si mmoja.

Katika lugha zenye toni, kama Kiganda, sharti ni gumu zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa wimbo hakuna budi kufuata kupanda na kushuka kwa sauti ya neno. Mtunzi wa Uganda Joseph Kyagambiddwa alilishughulikia jambo hili katika oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda ya mwaka 1964. Nchini Tanzania padre Stephen Mbunga, aliyetoka upande wa Ruvuma, alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ni kitabu kigumu kwa mwanafunzi, ila mwalimu hapotezi muda akikisoma.

Afrika Mashariki

Kenya ina msingi imara zaidi katika eneo hili. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927 na kwa miaka mingi kilele chake kimekuwa likizo ya Agosti. Miongoni mwa madaraja yake ni tungo mpya na nyimbo za asili zilizopangwa upya kwa kwaya. Aidha, katika mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa 8-4-4, mtahiniwa wa Muziki hutakiwa kuendeleza wimbo aliopewa mwanzo wake na kupanga sauti nne. Kwa mwanafunzi huyo mafunzo ya likizo ni mwendelezo wa darasa.

Tanzania hali ni nyingine. Somo la Muziki hufundishwa katika shule chache tu za sekondari. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanzishwa mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, hupokea zaidi waliokwisha kumaliza shule. Huko Zanzibar chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichofungua milango mwaka 2002 katika jengo la zamani la Forodha, Mji Mkongwe, hufundisha udi, kanuni, fidla na ngoma, na huwapokea hata wanafunzi ambao bado wako shuleni.

Mahali pekee ambapo wanafunzi wengi wa Tanzania bara hukutana na muziki kwa mpango wa kitaifa ni mashindano ya UMISSETA, yafanyikayo kwa kawaida Juni. Mkoa wa Mtwara uliyapokea mwaka 2019 na 2021. Mbali na michezo kuna kwaya, ngoma na muziki wa kizazi kipya. Hata hivyo wimbo wa kwaya mara nyingi hutungwa na mwalimu kwa kufuata kaulimbiu ya mwaka, nao wanafunzi huukariri. Vijana hurudi na kikombe, lakini hawajui wimbo ulijengwaje.

Pwani ya Kilwa na Lindi

Kitomanga ni kata ya Mkoa wa Lindi iliyo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Kilwa kwenda Lindi. Kijana wa huko hafiki sekondari akiwa mtupu kimuziki. Amekaa madrasa, ambako kaswida za Maulidi hutungwa na kufanyiwa mazoezi kwa bidii ambayo shule nyingi hazijaifikia. Amesikia ngoma za jando na unyago. Na simu humletea bongo fleva kila siku. Hata jina la Kilwa lina historia katika muziki wa dansi, kwani Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilikuwa miongoni mwa bendi mashuhuri za Dar es Salaam. Anachokosa ni njia ya kuandika alichobuni ili mwingine aweze kukiimba bila yeye kuwepo.

Mafunzo ya likizo katika mazingira haya hukabiliwa na mambo mawili yasiyopatikana katika vitabu vya kambi za ng'ambo. La kwanza ni shamba. Juni ni kipindi cha ufuta katika Mkoa wa Lindi, na mzazi anayehitaji mikono hawezi kumwachia kijana siku nzima. Masomo ya saa mbili jioni, kwa majuma matatu, yana nafasi kubwa ya kuhudhuriwa kuliko kambi ya kulala.

La pili ni unyago wenyewe. Nyimbo zake ni mafunzo ya ndani, nyingine hazipaswi kusikiwa na wasiochezwa, na wavulana hawazijui za wasichana. Mwalimu anayewaambia wanafunzi walete nyimbo za kwao ili zipangwe kwa sauti nne anaweza kumweka msichana katika hali ya kuchagua kati ya kumtii yeye na kumtii somo wake. Nyimbo za kazi, za kubembelezea watoto na za michezo hazina tatizo hilo, na miundo yake ya mwimbishaji na waitikiaji ni shule tosha ya utunzi.

Kwa vifaa, simu yenye kinasa sauti husaidia kuliko kinanda kibovu, kwani mwanafunzi husikiliza kazi yake nyumbani na kuisahihisha. Penye kompyuta, MuseScore ni programu ya bure ya kuandika nota, na tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za kwaya za Kiswahili za kujifunzia.

Haki ya mtunzi

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Na. 7 ya mwaka 1999, haki huanza pale kazi inapotungwa, hata kabla ya kusajiliwa COSOTA, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Umri si kizuizi. Wimbo uliotungwa na wanafunzi watano kwa pamoja ni mali ya wote watano, hivyo majina yao huandikwa juu ya karatasi ya wimbo siku ile ile, pamoja na tarehe.