Kivinje na Milima Yake: Vita vya 1888 hadi 1907

Njia ya misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ilikomea Kilwa Kivinje, pwani. Hapa, penye mivinje iliyoupa mji jina lake, pembe za ndovu zilipimwa na watu wakauzwa, na nyumba za mawe ambazo leo ni magofu zilijengwa kwa mali hiyo. Naanza hapo kwa makusudi. Mji huu ulipopigana na Wadachi, yaani Wajerumani, mara ya kwanza ulikuwa na biashara ya kulinda, na anayesimulia vita vyake bila kuwataja watumwa amesimulia nusu.

Aprili 1888 Sayyid Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba wa kuiachia kampuni ya Wadachi forodha za pwani. Agosti maofisa wa kampuni wakaingia mijini na bendera yao. Pangani ikawaka chini ya Abushiri bin Salim. Kivinje ilifuata Septemba: watu wa bara, Wayao wengi miongoni mwao, walishuka na bunduki, na maofisa wawili, Krieger na Hessel, wakauawa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hapakuwa na Mdachi wa kuamrisha mjini. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mei 1890 Wissmann, kamanda wa Wadachi, akaleta manowari, Kivinje ikapigwa mizinga. Lindi na Mikindani zikaanguka mwezi uleule.

Hassan bin Omari Makunganya hakukubali kwamba yamekwisha. Alikuwa mkubwa wa bara ya Kilwa, mwenye watu na misafara, na Septemba 1894 watu wake walilivamia boma la Kivinje lenyewe. Walirudishwa nyuma. Mwaka uliofuata Wissmann, sasa gavana, alipeleka jeshi kumsaka hadi akapatikana, na barua zilizokutwa kwake zikafichua wenye mali wa mjini waliokuwa wakimsaidia kwa siri. Makunganya akanyongwa Kivinje 1895. Mahali pale paliitwa Mwembe Kinyonga, na jina halijafutika.

Vita vya tatu vilianza katika milima ya Wamatumbi, na hili ndilo ningependa sisi watu wa pwani tulitazame bila kukwepa. Kodi ya nyumba ilikuja 1898. Kuanzia 1902 Gavana Götzen akataka pamba, ilimwe shambani kwa jumbe kwa kulazimishwa, wakati mashamba ya mtu mwenyewe yanaota magugu. Aliyesimamia kwa niaba ya Wadachi alikuwa akida, na akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani. Kiswahili hikihiki ndicho kilichotoa amri ya kiboko. Mmatumbi ambaye babu yake aliuzwa Kivinje sasa alimwona mwana wa Kivinje akirudi na daftari.

Huko Ngarambe, 1904, mganga Kinjikitile Ngwale alizama katika kidimbwi cha mto. Wazee walisimulia kwamba alitoka siku ya pili akiwa mkavu. Akatoa dawa ya maji ya kugeuza risasi. Wanaoishia kuicheka dawa hiyo hawaoni kazi iliyofanya: Wamatumbi, Wangindo na watu wa Rufiji, waliokuwa hawana mfalme mmoja, walikunywa kitu kimoja na kungoja neno moja. Julai 1905, pale Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela walikwenda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache. Hilo ndilo lililokuwa tangazo la vita. Kabla mwezi haujaisha Samanga, bandari ndogo kaskazini ya Kivinje, ilikuwa imeshambuliwa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita vilikwisha kumpita. Boma la Liwale likaanguka mwezi huohuo, kisha Mahenge ikavamiwa, na Wangoni wa Songea wakaingia.

Risasi hazikugeuka maji. Hata hivyo kilichoua wengi si risasi. Majeshi ya Wadachi yalichoma maghala na mashamba, yakachukua mbegu, kwa kuwa makamanda wao waliamua kwamba njaa itafanya lisilofanywa na bunduki. Serikali yao ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Kufikia 1907 pande za Liwale zilikuwa na vijiji visivyo na mtu. Msitu ukarudi juu ya mashamba, na sehemu ya nchi hiyo baadaye ikaingizwa katika pori la akiba la Selous, wanakopita ndovu.