Nani Athibitishe? Rufaa za Pensheni za Askari wa Uingereza

Askari aliyekatwa mguu katika Vita Kuu ya Kwanza hakuhitaji maneno mengi. Daktari alimwona, karani akaandika, pensheni ikatoka. Tabu ilikuwa kwa yule aliyerudi nyumbani akikohoa, au aliyekuwa akishtuka usiku kwa mizinga iliyokwisha nyamaza. Je, maradhi yake yaliletwa na utumishi, au angeyapata hata kama asingevaa sare? Na pale ambapo hata madaktari hawakuwa na yakini, shaka hiyo imfae nani: askari, au hazina ya serikali? Historia ya rufaa za pensheni za kijeshi nchini Uingereza imelizunguka swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Zamani swali lenyewe halikuwa na pa kuulizwa. Pensheni ilikuwa fadhila ya mfalme. Makamishna wa Hospitali ya Kifalme ya Chelsea, iliyoasisiwa na Charles II mwaka 1682, ndio walioamua nani apewe na nani asipewe, na aliyenyimwa fadhila hakuwa na pa kushtaki. Utaratibu huo ulilitosha jeshi dogo la watu wa kujitolea. Haukulitosha jeshi la mamilioni, ambalo kuanzia 1916 lilijazwa kwa sheria ya kuwalazimisha wanaume kwenda vitani. Desemba mwaka huo ikaundwa Wizara ya Pensheni, na waziri wake wa kwanza akawa George Barnes, mtu aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi. Ulemavu ukapimwa kwa asilimia: aliyepoteza viungo viwili alihesabiwa asilimia mia, na kufikia 1919 askari wa kawaida wa kiwango hicho alipata shilingi 40 kwa wiki.

Mwaka huohuo wa 1919 Bunge lilipiga hatua kubwa zaidi. Aliyekataliwa na Wizara sasa aliweza kukata rufaa mbele ya baraza lisilo chini ya Wizara hiyo. Baraza lilikuwa na watu watatu: mwanasheria, daktari, na mwanajeshi wa zamani aliyepata ulemavu vitani. Huyu wa tatu ndiye aliyelipa baraza uzito machoni pa askari. Alijua baridi ya handaki ni nini, na alijua kwamba mtu anaweza kuficha ugonjwa wake kwa miezi ili asiwaache wenzake.

Lakini mlango uliofunguliwa haukuachwa wazi. Sheria ya 1921 ilimtaka mdai alete dai lake ndani ya miaka saba. Kwa mwenye jeraha, miaka saba ni mingi. Kwa mwenye kifua kikuu au moyo unaodhoofika polepole, huenda ugonjwa ukajitokeza baada ya muda kwisha. Katika miaka hiyo, chama cha wanajeshi wa zamani cha British Legion, kilichoanzishwa 1921, kilijijengea kazi ambayo kingeifanya kwa vizazi: kukaa na askari na wajane, kupanga nyaraka zao, na kuwasemea mbele ya mabaraza bila malipo.

Vita vya pili vilipoanza 1939, mafunzo ya vita vya kwanza yalikuwa yamesahauliwa. Kwa miaka ya mwanzo hapakuwa na baraza la rufaa kwa majeruhi wapya, na mdai ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba ugonjwa wake ulitokana na utumishi. Fikiria mjane anayedaiwa uthibitisho huo. Faili la matibabu liko jeshini. Daktari wa kikosi yuko Misri, au amekufa. Mashahidi wametawanyika katika nchi tatu. Aliyeombwa ushahidi ndiye hasa asiye nao, na mwenye nao ndiye anayempinga.

Wabunge walilalamika, magazeti yakalalamika, na mwaka 1943 serikali, ambayo Waziri wake wa Pensheni alikuwa Sir Walter Womersley, ikakubali mabadiliko. Sheria ya Mabaraza ya Rufaa za Pensheni ikapitishwa, na Hati ya Kifalme ya Desemba mwaka huo ikaweka kanuni mpya. Mdai asibebeshwe mzigo wa kuthibitisha. Shaka yoyote ya maana imfae yeye. Na kama mtu alipokelewa jeshini bila ugonjwa huo kuandikwa katika taarifa ya daktari, kisha ukamwondoa jeshini au ukamuua, ichukuliwe kwamba ulitokana na utumishi wa vita mpaka ushahidi uonyeshe vingine.

Utaratibu wenyewe ulipangwa hatua kwa hatua. Mdai aliyekataliwa alitoa taarifa ya rufaa. Wizara iliandaa maelezo ya kesi, pamoja na kumbukumbu za matibabu na sababu zake za kukataa, na kumpelekea mrufani ili naye ajibu. Kisha baraza la watatu lilisikiliza. Mwanajeshi aliyekaa barazani alilingana na mrufani: kama mrufani alikuwa afisa, naye awe afisa, kama alikuwa mwanamke, naye awe mwanamke. Juu ya baraza palikuwa na ngazi moja zaidi. Kwa hoja ya kisheria tu, na kwa kibali, rufaa iliweza kufika kwa jaji mmoja wa Mahakama Kuu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1945 kazi hiyo ilimwangukia Alfred Denning. Jaji huyu mwenyewe alikuwa amepigana Ufaransa mwaka 1918. Kaka yake Jack aliuawa vitani 1916, na kaka yake mwingine, Gordon, aliyekuwa baharia katika mapigano ya Jutland, alikufa kwa kifua kikuu. Denning alikuta mabaraza mengi yameisoma kanuni mpya kwa macho ya zamani, yakiendelea kumdai askari uthibitisho. Katika hukumu moja baada ya nyingine alirudia jambo lilelile: waziri ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na akishindwa, askari ameshinda.

Hukumu iliyosafiri mbali zaidi ilitolewa 1947, katika kesi ya Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni. Mjane alidai pensheni kwa kifo cha mumewe, mwanajeshi aliyekufa kwa saratani ya umio mwaka 1944. Ilibidi Denning aeleze ni uthibitisho wa kiasi gani unaomtosha waziri kulishinda dai. Alieleza kwamba kuthibitisha pasipo shaka ya maana si kuthibitisha hata kivuli cha shaka kisibakie. Uwezekano wa mbali, wa kubuniwa tu, haumwokoi mtu. Lakini ushahidi ukipungua kiwango hicho, hautoshi. Akakieleza pia kiwango cha kesi za madai: jambo liwe na uwezekano zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Maelezo hayo yaliyozaliwa katika dai la mjane yakahamia katika kesi za mauaji, wizi na ardhi, hadi Afrika Mashariki. Majaji wa Kenya na Tanzania wanaitaja kesi ya Miller mpaka leo wanapopima kama upande wa mashtaka umethibitisha kesi yake. Denning naye alifika huku kwa njia nyingine: kamati aliyoiongoza kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika ilipendekeza kitivo cha sheria Dar es Salaam, na masomo yakaanza Oktoba 1961.

Hata hivyo, mabaraza ya 1943 hayakuwa ya askari wa Afrika Mashariki wa King's African Rifles (KAR) waliopigana Burma. Mafao yao yaliamuliwa na serikali za makoloni yao, na kiinua mgongo walichopewa vita vilipokwisha kilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akiwa chini kabisa. Jasho lilikuwa la vita vilevile. Njia ya kudai haki haikuwa ileile, na asiye na njia ya kudai hubaki kuomba.

Nchini Uingereza kwenyewe gurudumu limezunguka tena. Kwa majeraha na maradhi ya tangu tarehe 6 Aprili 2005 kuna mpango mpya wa fidia, ambao unamtaka mwanajeshi athibitishe dai lake kwa kiwango cha kesi za madai. Mwaka 2008 mabaraza ya England na Wales yaliingizwa katika mfumo mmoja wa mabaraza ya nchi. Watatu wangali wanakaa, mwanasheria, daktari na mwanajeshi, lakini mzigo umerudi mabegani mwa askari.

Nchi yoyote inayopeleka vijana wake vitani huwaahidi kuwatunza. Ahadi hiyo hupimwa mbele ya baraza, pale mgonjwa asiye na faili anapokabiliana na serikali yenye mafaili yote. Kanuni ya 1943 ilimwelewa mtu huyo. Ilikubali kwamba serikali iliyompima, ikamkuta mzima na kumchukua, ndiyo inayopaswa kueleza kwa nini amerudi mgonjwa. Hiyo ndiyo haki, na inafaa kurudishwa popote ilipoondolewa.